Taa moja, dima moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo linalowagharimu wenye nyumba wengi kipindi hiki ambacho dari za jipsamu na taa za LED zimeingia karibu kila mtaa. Watu wananunua swichi za dima zinazoongozwa kwa rimoti isiyo na waya, zile zinazofifisha na kukoleza mwanga, na wengi wanazitaka kwa taa inayowashwa kutoka sehemu mbili au tatu: ngazi, korido ndefu, sebule yenye milango miwili. Kwa kuwa swichi za zamani zilikuwa mbili, mnunuzi anabeba dima mbili. Hapo ndipo fedha inapopotea.

Dima haifanyi kazi kama koki ya maji. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, yaani wimbi lake hupita sifuri mara 100 kila sekunde. Kila linapopita, dima huhesabu muda kuanzia pale kwenye sifuri na kukata kipande cha wimbi. Kadiri inavyokata kikubwa ndivyo mwanga unavyofifia. Ukifunga dima ya pili mbele ya ile ya kwanza, inapokea wimbi ambalo tayari limekatwa, haijui sifuri iko wapi, na inakata ovyo. Taa itapepesa, dima italia kama nyuki, na moja ya hizo mbili haitadumu. Kwa hiyo taa moja, au kundi moja la taa, iwe na dima moja tu inayogusa waya. Sehemu nyingine zote za kuwashia ziwe rimoti za betri zinazobandikwa ukutani, ambazo hazigusi waya wowote. Faida kubwa ya vifaa hivi iko hapo: unaongeza sehemu ya kuwashia kando ya kitanda au mlango wa nyuma bila kupiga tindo ukutani.

Sasa tuchukue ngazi yenye swichi mbili za tuwei, zile zinazowasha taa moja kutoka sehemu mbili. Katika nyumba zetu nyingi waya hupita mmoja mmoja ndani ya mabomba ya plastiki, wa milimita za mraba 1.5, nyuma ya saketi breka ya ampea 6 au 10. Swichi ya tuwei ina vichwa vitatu: COM, L1 na L2. Kwenye boksi la kwanza laivu, yaani waya wenye umeme unaotoka kwenye breka, imefungwa COM. Kwenye boksi la pili COM ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa. Katikati zinapita waya mbili zinazounganisha L1 na L2 za pande zote. Zima meini swichi. Swichi ya ukutani haitoshi. Pima kwa testa ya ncha mbili, na uijaribu kwanza, kabla ya kuzima, mahali unapojua pana umeme, kwa maana testa ya bisibisi huwaka hata kwa umeme mdogo wa kuvuja na humdanganya fundi. Piga picha waya kabla hujalegeza skrubu yoyote.

Ile laivu iliyokuwa COM ya boksi la kwanza iingie kwenye L ya dima. Upande wa kutokea wa dima ufungwe kwenye mmoja wa zile waya mbili za katikati. Kwenye boksi la pili waya huohuo uungwe moja kwa moja na waya uendao kwenye taa, kwa konekta, si kwa kusokota na kuzungushia solotepu. Waya wa katikati uliobaki uzibwe kwa konekta pande zote mbili na uachwe humo humo, maana mwenye nyumba anaweza kurudia swichi za kawaida siku moja. Boksi la pili lifunikwe kwa pleti isiyo na tundu, na rimoti ikae juu ya pleti hiyo. Kama kuna sehemu ya tatu yenye swichi ya intamidieti, ile ya vichwa vinne, iondolewe pia, na waya ule uliouchagua uungwe upitilize.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni fundi kuacha swichi ya zamani ya ghorofani ikiwa kwenye njia. Mtoto anaibonyeza, dima inakosa umeme, rimoti zote zinaonekana zimekufa, na mwenye nyumba anarudisha dukani kifaa kizima.

Nyutro, waya unaorudisha umeme kutoka kwenye taa, ndiyo inayosumbua zaidi. Kwa mtindo wa kufunga umeme tuliouzoea, nyutro huishia juu kwenye taa. Ndani ya boksi la swichi mna laivu na waya unaokwenda kwenye taa tu. Dima isiyohitaji nyutro hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya taa hata ikiwa imezimwa. Balbu ya nyuzi ya zamani ilikuwa haioni umeme huo. LED ya wati 5 inauona: usiku unakuta inawaka kwa mwanga hafifu, au inajaza kapasita yake kidogo kidogo kisha inamulika ghafla na kuzima. Tiba yake ni kifaa kidogo kiitwacho baipasi, kinachofungwa kati ya laivu ya taa na nyutro, juu kwenye taa na si kwenye swichi. Kimoja kinatosha kwa kundi zima la taa zinazotumia dima moja.

Njia bora kuliko hiyo, kama bomba lina nafasi, ni kuvuta nyutro kwa springi ya kupitishia waya hadi kwenye boksi. Lakini itoke kwenye saketi ileile ya taa hiyo. Katika nyumba za ghorofa huwa napata nyutro ya kuazima: laivu imetoka saketi ya chini, nyutro imechukuliwa ya juu. Kama kila saketi ina breka yake ya kuvuja, ile inayokata umeme unapovuja, itaanguka kila taa inapowashwa, na ina haki ya kuanguka, kwa sababu umeme uliotoka haurudi kwa njia yake. Hatari mbaya zaidi ni kwamba mtu anayezima saketi moja akidhani yuko salama anaweza kukuta nyutro yake ina umeme wa saketi nyingine mkononi mwake.

Kuna dima za kuficha darini, karibu na taa, ambako nyutro ipo. Ni nzuri, ila chini ya bati mchana dari huwa kama tanuri, na dima yenyewe hutoa joto. Isifunikwe kwa sufi ya kuzuia joto, na isipewe mzigo wake wote ulioandikwa. Ikikaa ukutani, boksi la kina cha milimita 25 ni dogo. Tafuta la 35. Dima mbili zikibanana kwenye boksi moja, kila moja ipunguziwe mzigo.

Wati nazo zisomwe vizuri. Dima ya zamani iliyoandikwa 400 ilipimwa kwa balbu za nyuzi. Kama haikuandikwa kiwango cha LED, sisi mafundi huchukua sehemu ya kumi, wati 40. Sebule yenye taa 8 za wati 7 ni wati 56, tayari imepita. Kwenye boksi la balbu pawe pameandikwa kwamba inakubali dima. Isiyokubali itapepesa au draiva yake, kifaa cha ndani kinachoilisha LED umeme, itaungua. Kwa LED nunua dima inayokata mwisho wa wimbi, kwa maana ile inayokata mwanzo huanza kwa kishindo kinachozifanya draiva zilie. Taa za kundi moja ziwe za aina moja. Baada ya kuzifunga zote, weka kiwango cha chini: anza asilimia 15, zima, washa tena taa zikiwa zimepoa, na upandishe kidogo mpaka taa zote ziwake pamoja bila moja kubaki nyuma. Pangaboi lisiguswe kabisa na dima ya taa. Mota italia na kupata moto. Lina regyuleta yake.

Wenye sola na betri waangalie inveta yao. Inveta ya bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi, lisilofanana na la gridi, na dima inayotafuta sifuri humo inachanganyikiwa. Taa ikitulia kwenye umeme wa TANESCO lakini ikipepesa kwenye betri, usibadilishe balbu. Shida ni inveta, na inayofaa ni ya wimbi safi.

Kuna mizigo inayoletwa na ndugu kutoka ng'ambo, nayo naomba isomwe kabla haijafungwa. Lutron Caséta inayouzwa Marekani na Kanada ni mfumo mzuri na rimoti zake ni imara, lakini dima yake ni ya volti 120 na hezi 60, na umbo lake halikai kwenye boksi letu la mraba. Ukiipa volti 230 umeiua. Z-Wave, mfumo wa redio wa vifaa vya nyumbani, ile ya Marekani hutumia megahezi 908.4, masafa yaliyo ndani ya bendi ambayo simu za GSM 900 hutumia kuongea na mnara. Ya Ulaya hutumia 868.4. Ukinunua hapa nchini, uliza kama kifaa kina kibali cha TCRA.

Zigbee, mfumo mwingine wa redio wa vifaa hivi, iko gigahezi 2.4, masafa ambayo waifai nayo huyatumia, kwa hiyo ruta na kitovu cha Zigbee, kile kinachoongoza vifaa vyote, visikae bega kwa bega. Viachanishe mita moja au zaidi. Chaneli za Zigbee ni 11 hadi 26, na ya 25 iko nje ya zile za waifai zinazotumika zaidi, 1, 6 na 11. Tofali za saruji hupunguza mawimbi, zege lenye nondo huyapunguza zaidi, na boksi la chuma huyaziba. Dima nyingi za Zigbee zilizofungwa kwenye umeme hupokezana ujumbe. Rimoti za betri hazifanyi hivyo. Kwa hiyo unganisha kwanza dima iliyo karibu na kitovu, kisha ya mbali, rimoti ziwe za mwisho.

Fundi akimaliza, zima ruta na ubonyeze rimoti. Taa isipoitika, maana yake amepitisha amri kwenye ruta au intaneti, na kila ruta ikizimika au mtandao ukikatika ngazi yako inaweza kuwa giza. Mwambie aifungamanishe rimoti moja kwa moja na dima. Halafu azime breka na kuiwasha: taa zirudi katika hali ziliyokuwa, au zibaki zimezimwa, kadiri ulivyochagua. Nyumba nyingi huachiwa mpangilio wa kiwandani, umeme unarudi saa tisa usiku na taa zote zinawaka kwa mwanga kamili juu ya watoto waliolala.

Betri ya rimoti nyingi ni CR2032, ile bapa kama sarafu. Kwenye hewa ya chumvi ya Pwani na Unguja bati zake hushika kutu, basi zifutwe kila unapobadilisha. Ukuta wa chokaa haushiki gundi. Pleti ya rimoti ipigwe skrubu. Chagua rimoti ambayo kifuniko chake hufungwa kwa skrubu pia, kwa sababu betri ya aina hii mtoto akiimeza ikakwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Akimeza, apelekwe hospitali papo hapo, bila kusubiri dalili.

Kazi yote ya ndani ya boksi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla hajaondoka aache karatasi kwenye boksi la breka: dima iko wapi, waya upi wa katikati unatumika, upi umezibwa. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitano atakuta swichi iliyobandikwa ukutani bila waya nyuma yake, na boksi lenye laivu nyuma ya pleti isiyo na tundu.

Fundi umeme wa majumbani,
Dar es Salaam