Barua ya wazi kwa vijana saba wanaotaka kiti kimoja cha wadi

Kwenu vijana wangu mliokuja barazani kwangu Ijumaa baada ya alasiri,

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, ila goti hili linanisumbua mvua ikikaribia. Mlipoondoka siku ile sikulala mapema. Nyote saba mnataka kiti kimoja cha MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, na nyote saba mlinitajia mtu mmoja wa kuigwa: Obama. Mmoja wenu amekwisha kuchapisha bango kabisa, "Obama wa Wadi". Sikucheka mbele yenu kwa sababu mama yake ni jirani yangu.

Nikawauliza: Obama alianza kwa kugombea nini? Mmoja akasema useneta wa Washington. Mwingine akasema urais, moja kwa moja. Binti aliye peke yake kati yenu ndiye aliyenyamaza, na nashuku alikuwa akijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Alianzia pahala panapofanana sana na hapo mnapopataka nyinyi. Seneti ya jimbo la Illinois. Si ile kubwa ya Washington. Hii ni ya jimbo, viti 59, inakutana Springfield, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago. Kiti chake kilikuwa namba 13, upande wa kusini wa Chicago: Hyde Park yenye chuo kikuu na nyumba za maprofesa, na ukivuka barabara chache unaingia mitaa ya watu wanaohesabu senti. Alikikalia kutoka Januari 1997 hadi Novemba 2004. Karibu miaka minane, wanangu. Urais nao ulikuwa minane. Nusu moja ya hesabu hiyo mnaijua kwa moyo, nusu ya pili hamkuwahi kuisikia.

Binti yangu anaishi Chicago, na mwaka mmoja nilipokwenda kumtembelea nilipanda treni ya Springfield, nikaone. Ilikuwa Julai. Saa tatu na nusu za mahindi. Mahindi kulia, mahindi kushoto, mpaka nikajiuliza hawa watu wanasonga ugali gani. Jengo lao la bunge lina kuba refu kuliko la Washington, lakini mji wenyewe ukimaliza saa nne za usiku umelala. Nikawaza kuhusu kijana aliyesoma Harvard, anafundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago, mke na baadaye watoto wako nyumbani, naye yuko huku kwenye mahindi anajadili mswada ambao hautapita.

Maana haukuwa unapita. Warepublikan walikuwa na wingi katika seneti ile tangu 1993, na yeye ni Mdemokrat. Miswada ya upande wake ilipelekwa kwenye kamati ya kanuni ikafia humo, haikufika hata kujadiliwa. Miaka sita hivyo. Alifanya nini? Alicheza karata. Sisemi kwa mzaha. Alijiunga na wenzake, Wademokrat na Warepublikan, wakicheza poka ya vijisenti jioni baada ya vikao. Akajifunza na gofu. Mtu wa kusini mwa Chicago akae na wakulima wa mahindi awaulize habari za mashamba yao. Ndipo 1998 ikapita sheria ya maadili iliyowazuia wanasiasa wa jimbo kupokea zawadi ovyo na kutumia pesa za kampeni kwa matumizi ya nyumbani. Yeye akiwa mmoja wa waliosukuma, pamoja na Mrepublikan. Wenzake wengine walimnunia kwa ajili ya sheria hiyo. Mnaelewa kwa nini.

Lakini nimeruka mwanzo, na mwanzo ndio uliokuja na jambo langu.

Kiti kile kilikuwa cha mama mmoja, Alice Palmer, mtu wa heshima Chicago. Mwaka 1995 alitaka kwenda bunge la Washington, akampa Obama baraka zake arithi kiti. Novemba Palmer akashindwa vibaya, akageuka: nataka kiti changu. Wazee wakamwendea Obama: mpishe mama. Akakataa. Palmer akakusanya sahihi za wapiga kura haraka haraka, maana sheria ilitaka angalau 757 ndipo jina liingie kwenye karatasi ya kura. Akapeleka 1,580. Mara mbili ya zinazohitajika, ungesema amemaliza.

Tarehe 2 Januari 1996, watu wa Obama waliingia katika chumba cha bodi ya uchaguzi ya Chicago wakaanza kuzipinga sahihi zile moja baada ya nyingine. Huyu haishi eneo hili. Huyu hakujiandikisha. Huyu ameandika jina kwa herufi za chapa, hakutia sahihi. Karibu theluthi mbili zikaanguka, Palmer akajitoa. Na hakuwa peke yake: wapinzani wengine watatu wa mchujo wa chama nao wakaondolewa kwa njia hiyohiyo. Mmoja alisema baadaye aliwalipa watu dola 5 kwa kila karatasi ya sahihi. Kughushi kwa namna hiyo Chicago wanakuita mchezo wa meza ya duara: watu wanakaa pamoja, wanapokezana karatasi na kunakili majina. Mchujo wa Machi 1996 Obama aligombea peke yake. Novemba akapata asilimia 82.

Mimi nina maoni yangu juu ya hili na sitayaficha. Kisheria alikuwa sawa. Kiungwana, mama aliyekufungulia mlango hufai kumfungia nje, na ningekuwa mmoja wa wale wazee ningemwambia hivyo usoni. Lakini pia ningemwambia Mama Palmer: sahihi hazikusanywi kwa siku kumi.

Nayajua haya kwa sababu yalinipata. Mwaka 2017 mpwa wangu aligombea kama mgombea huru, na mimi, mwalimu mstaafu, mtu wa kusahihisha insha miaka thelathini, nilisimamia fomu zake. Katiba yetu inataka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa katika wadi hiyo. Nilimpa kijana mmoja kazi ya kuzunguka, shilingi kumi kwa kila jina. Akarudi baada ya siku mbili, fomu zimejaa, nikamsifu. Usiku wa kuamkia siku ya kuzipeleka nikavaa miwani. Karatasi ya nne: majina yote kwa kalamu moja ya buluu, na kila herufi "g" ina mkia uliopinda kama ndoana. Ya tano, hivyohivyo. Ya sita nikamkuta jirani yangu ametia sahihi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama kaburini kwake Ramadhani iliyopita. Tulitembea usiku ule nyumba kwa nyumba, tukaomba watu watoke vitandani. Hatukufika 500. Mpwa wangu sasa anauza vipuri vya pikipiki na bado ananiita mwalimu kwa sauti ya kebehi.

Basi mkiniuliza cha kuiga kwa Obama ni nini, sitaanza na hotuba. Nitaanza na watu wake wale waliokaa kwenye chumba baridi na kidole juu ya daftari la wapiga kura.

Tuje kwenye kushindwa kwake, maana hapo mabango yenu hayafiki. Mwaka 1998 alichaguliwa tena kwa asilimia 89, akaona nyota. Mwaka 2000 akamvaa Bobby Rush, mbunge wa Washington, mtu aliyekuwa ujanani katika Black Panther, kundi la harakati za Wamarekani weusi, anayejulikana kila nyumba. Rush alikuwa ameshindwa kugombea umeya mwaka uliotangulia, Obama akadhani mzee amechoka. Kisha mtoto wa Rush akauawa kwa risasi, na mji mzima ukamlilia. Kisha Desemba 1999 ukaja mswada wa kudhibiti bunduki huko Springfield, na Obama alikuwa Hawaii kwa likizo ya familia, binti yake, bado mchanga, anaumwa. Hakurudi kupiga kura. Mswada ukaanguka kwa kura chache. Mimi ni baba, namwelewa. Magazeti ya Chicago hayakumwelewa. Na mitaani walikuwa wakisema huyu ni msomi, si mwenzetu. Machi 2000: Rush asilimia 61, Obama 30.

Miezi michache baadaye akaenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama chake. Amesimulia mwenyewe: uwanja wa ndege alipotaka kukodi gari kadi yake ya mkopo ikakataa, na mkutanoni hakupata hata kitambulisho cha kuingilia ukumbini. Akarudi nyumbani kabla mambo hayajaisha. Miaka minne baadaye, Julai 2004 mjini Boston, alihutubia mkutano wa chama kilekile na dunia nzima ikauliza huyu ni nani. Na siku ile, vijana wangu, cheo chake kilikuwa bado ni seneta wa jimbo, kiti namba 13.

Ila sikilizeni hapa kwa makini, maana hapa ndipo watu wetu wanapoiga vibaya. Alipomvaa Rush hakupoteza kitu isipokuwa pesa na usingizi. Muhula alioupata 1998 ulikuwa wa miaka minne. Mchujo wa 2000 uliangukia katikati. Akashindwa, akarudi Springfield kwenye kiti chake. Kwetu kura zote sita zinapigwa siku moja. MCA anayetaka ubunge anaiacha wadi asubuhi ileile. Nimewaona wangapi, muhula mmoja tu, wanaambiwa na wapambe "Mheshimiwa, wewe ni wa Nairobi", wakaenda, na leo hawana wadi wala Nairobi. Obama mwenye kalenda ya Kenya angekwisha mwaka 2000. Habari yake ingeishia hapo.

Na bahati nayo, tusiidharau. Mwaka 2001 ilikuwa zamu ya kuchora upya mipaka ya maeneo ya uwakilishi Illinois. Tume iligawanyika nusu kwa nusu, na katiba yao inasema ikiwa hivyo mjumbe wa kuvunja sare achaguliwe kwa bahati nasibu. Mkuu mmoja wa jimbo akatumbukiza mkono katika kofia iliyotengenezwa kama kofia ndefu ya Abraham Lincoln, akatoa jina. Likawa la Mdemokrat. Wallahi, kofia. Wademokrat wakachora ramani. Eneo la Obama likanyooshwa kaskazini kando ya ziwa hadi kwenye maghorofa ya matajiri, watu wa kuchangia kampeni. Novemba 2002 hakuwa na mpinzani, na chama chake kikapata wingi wa seneti. Kwa hiyo mtu asiniambie siasa ni bidii tupu. Ila wapo waliokuwa na bahati ya kofia ileile na majina yao hayajulikani leo.

Maana yeye alipofunguliwa mlango alikuwa na miswada tayari mkononi. Spika mpya wa seneti, Emil Jones, alimfahamu tangu Obama alipokuwa akihangaika mitaani na shida za wakazi, akampa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Mwaka 2003 ulipita mswada ninaoupenda kuliko yote: polisi wakimhoji mshukiwa wa mauaji, mahojiano yarekodiwe. Illinois ilikuwa imegundua kuwa watu 13 waliohukumiwa kifo hawakustahili, wengine walipigwa mpaka wakakiri. Polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga, gavana naye hakutaka. Obama akakaa nao mezani, akapunguza hapa, akashikilia pale. Mwishowe seneti ikapiga kura bila hata mmoja wa kupinga. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Haina muziki, haina lesso.

Yaliyofuata mnayajua, useneta ule mkubwa wa Washington: mchujo wa Machi 2004 asilimia 53 mbele ya wagombea sita wengine, mmoja wao milionea aliyemwaga mamilioni ya dola zake mwenyewe, Novemba asilimia 70 kwa 27. Hapo ndipo Kogelo, kijiji cha baba yake, ilipoanza kupokea waandishi wa habari.

Sasa sisi. Sitawaambia nani kati yenu agombee. Nyinyi ni saba na mimi si kofia ya Lincoln. Lakini Ijumaa ijayo mrudi barazani, baada ya alasiri, kila mmoja na karatasi tano za majina ya wapiga kura wa wadi hii, kila mtu awe ametia sahihi kwa mkono wake. Iwe una chama au huna, chama chenyewe kinaweza kukutoa kwenye mchujo na ukajikuta unatafuta hao 500. Tutazisoma moja moja, nami nitakuwa na miwani. Na kila mmoja anieleze mswada mmoja anaotaka kuupeleka bunge la kaunti, na kamati gani itaushughulikia. Binti aliniuliza juu ya kamati siku ile mkamkatiza, aanze yeye.

Kahawa na kashata ni juu yangu. Wa bango aje pia, bango aliache nyumbani.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa zamani