Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Vitabu vya Watoto vya Kanada

Ndugu wanachama, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliokaa nyuma, hamjambo.

Mwaka jana mkutano huu uliiagiza kamati itafute vitabu vya watoto vilivyoandikwa Kanada, tuvisome na wanetu hapa Toronto. Tumekutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Februari, theluji ilipotufungia ndani.

Tulianza na mtu wa kwetu. Tololwa Mollel ni mwana wa Tanzania aliyehamia Kanada, na kitabu chake *The Orphan Boy* cha mwaka 1990 kimetokana na ngano ya Wamaasai: mzee mpweke anaona nyota moja imetoweka angani, kumbe imemjia bomani kwa sura ya mtoto yatima. Michoro ya Paul Morin ilishinda Tuzo ya Gavana Mkuu, tuzo kubwa ya vitabu ya Kanada. Mimi nilisoma Kiingereza, mama mmoja akasimulia kwa Kiswahili. Tulipofika pale mzee anapomnyemelea mtoto ili aijue siri yake, ukumbi mzima ulinyamaza.

Kilichonigusa zaidi ni *When We Were Alone*, cha David A. Robertson na mchoraji Julie Flett. Mjukuu anamuuliza bibi yake kwa nini anavaa rangi nyingi, kwa nini anafuga nywele ndefu, kwa nini anasema Kikrii, lugha ya wenyeji wa Kanada. Bibi anamweleza kwamba utotoni alipelekwa shule ya mbali. Huko walivishwa nguo za namna moja, wakakatwa nywele, wakakatazwa lugha yao. Shule hizo za bweni za watoto wa wenyeji ni kidonda cha nchi hii hadi leo. Baba mmoja aliyesomea Kenya alisimama akasimulia alivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Binti yake alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Nikaona kazi yetu haikupotea.

Wadogo walimpenda Malaika, msichana wa Karibiani katika vitabu vya Nadia L. Hohn, anayebaki na bibi yake baada ya mama kuja Kanada kutafuta kazi. Jina tu liliwafurahisha. Waliolelewa na bibi kabla ya kuja huku hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Wazazi wengi bado wanaogopa kuazima vitabu kwa sababu ya faini. Maktaba ya umma ya Toronto ilifuta faini za kuchelewesha mwaka 2022. Azimeni!

Tumeshindwa kwa vijana wa sekondari, nami nakiri kosa ni letu: tuliwachagulia vitabu bila kuwauliza, wakaacha kuja mmoja mmoja. Hapa Ontario upo mpango wa Forest of Reading, ambamo wasomaji wenyewe, watoto kwa vijana, hukipigia kura kitabu cha Kanada walichokipenda. Napendekeza vijana wetu wachukue orodha ya rika lao, wasome, wabishane, kisha watuambie sisi wazazi tusome kipi. Kamati itawatafutia nakala, haitaingilia.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu. Kina bibi waliokuja kila kikao kutusimulia, baridi na yote, nawashukuru kwa moyo wangu wote. Tunakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na kitabu cha siku hiyo watachagua vijana.