Kwa wajukuu mliosoma wasifu wa bibi yenu

Wajukuu zangu, salaam.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu tulipomzika dada yangu. Mlisimama mkasoma: "Alizaliwa mwaka 1945." Mliunakili kutoka kwenye kitambulisho chake. Mwaka 1945 mama yetu alikuwa bado msichana kule Songea, hajaolewa, Tanga hajaiona. Mwaka ule alikisia karani dirishani, nanyi mkausoma mbele ya kaburi.

Mama alizoea kusema dada alizaliwa katani, yaani mkonge, ilipopanda bei. Huo ni wakati wa vita ya Korea, na bei ilifika kileleni mwaka 1951. Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, kaletwa na SILABU, ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge iliyoanza 1944. Akimaliza kipande, kadi ya kazi ya siku 30, ndipo anapata ujira wake.

Na hilo jina mnalojiandikia shuleni si la ukoo wetu. Baba aliulizwa, "Wewe wa nani?" Akamtaja jumbe wa kijijini kwao, karani akaandika. Mkilifuata jina hilo hadi Songea, mtapokewa na watu wasio ndugu zenu.

Dada aliyajua yote haya. Mna picha zaidi ya mia tatu za msiba wake: jeneza, mashada, sare za kitenge. Sauti yake hamna hata dakika moja! Kila Pasaka mlikuja, "Shikamoo bibi", kisha kila mmoja akainamia simu yake mpaka gari linaondoka. Nilikuwepo, nikiwaona. Yeye alikuwa kakaa palepale kwenye mkeka, anasubiri aulizwe.

Si ninyi peke yenu. Shamba alilofanyia kazi baba lilipobadilisha wenyewe, daftari za mishahara ziliishia kwa wauza karanga. Watu waliokata mkonge uliolisha nchi hii, majina yao yakawa ya kufungia karanga! Na Operesheni Vijiji ilipohamisha watu miaka ya 1973 hadi 1976, makaburi mangapi yaliachwa porini bila hata alama ya jiwe? Taifa lilihesabu kaya, marehemu wa kaya hizo halikuwauliza.

Mengine nayataja tu. Kila mzee mwulizeni jina la mama yake, si la baba peke yake. Ombeni parokiani kitabu cha ubatizo, mle mna wazazi na msimamizi. Asiyejua mwaka wake, mwulizeni siku ya Uhuru alikuwa na kimo gani. Andikeni pia nani kawaambia.

Wanangu, bado yupo mama yangu mdogo, Muheza. Ndiye aliyeitwa kutoka Songea aje kumbeba mgongoni bibi yenu alipozaliwa. Jioni huchoka na masikio humwishia, basi nendeni asubuhi. Mchukulieni sukari na ugoro wake, na simu moja tu, ya kumrekodi.