Barua kwa mwanangu: bastola yako ya kwanza ya upepo

Mwanangu, mama yangu,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu, marahaba. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na bado hajanyamaza kuhusu lile koti zito uliloliacha nyumbani ukaenda Leipzig na lile jepesi.

Baada ya salamu, nimeziangalia zile picha tatu za bastola za upepo ulizonitumia, ukitaka kujua ununue ipi. Ningekujibu kwa simu ningesema "usinunue hata moja" na wewe ungekata tamaa ukidhani baba anakataza. Sikatazi. Nilifurahi hata nikashindwa kulala mapema. Ulipoacha kuja nami kwenye klabu ya kulenga shabaha ukahamia kwenye mpira nilijua ndiyo basi, na sikutaka kukulazimisha. Sasa umerudi mwenyewe, una miaka 18, una yuro 300 za jasho lako, na unataka kununua kitu chako. Nataka hizo 300 zisipotee kama zangu zilivyopotea.

Uliniambia ulianza kufikiria jambo hili ulipomwona Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024, amesimama mkono mmoja mfukoni kama anayesubiri basi, akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Watu wengi waliona mzee mtulivu asiye na vifaa. Ule mkono mfukoni si madaha, mwanangu. Mashindano ya bastola ni ya mkono mmoja, na mkono usiotumika lazima uwekwe mahali ambapo hautauyumbisha mwili. Tarhan naye aliuweka mfukoni. Na Dikeç alikuwa na miaka 51, hiyo ikiwa Olimpiki yake ya tano. Utulivu ule umejengwa kwa miaka, kwa bastola ambayo kila alipoifyatua ilifanya kilekile ilichofanya jana.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Karatasi ya shabaha iko mita 10 mbele yako. Ina upana wa sentimeta 17, na duara la namba kumi ni milimita 11.5, sawa na kifungo cha shati. Unapiga risasi 60 kwa saa moja na robo. Kwa kazi hiyo unahitaji bastola isiyobadilika, ambayo risasi yake ya sitini inaondoka sawasawa na ya kwanza. Ukiwa nayo, tundu likienda kulia unajua mkono wako ndio uliokwenda kulia. Bila hiyo hujui lolote, na mtu asiyejua amekosea wapi hawezi kujirekebisha hata akifanya mazoezi mwaka mzima.

Zile zako tatu zote zinasifiwa kwa sura na kwa kasi. Kasi haikusaidii. Bastola zenyewe za Olimpiki hurusha risasi kwa mita 150 hivi kwa sekunde, na karatasi haihitaji zaidi. Ile ya pili, ya springi, iliyoandikwa kuwa kali kuliko zote, ndiyo ingekusumbua zaidi. Pistoni yake ikiachiwa inakimbia mbele, bastola nzima inasukumwa nyuma halafu inavutwa mbele, na yote hayo yanatokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Ukiishika kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, inapiga mahali pawili tofauti. Wapo mabingwa wanaoziweza. Mwanafunzi inamfundisha kuiogopa tu.

Ya kwanza na ya tatu ni za gesi, zimetengenezwa zifanane na bastola za polisi. Hizi nazifahamu, kwa sababu ya kwanza niliyonunua mimi ilikuwa hivyo. Nyeusi, nzito, ya chuma, inaingia risasi nane kwa mpigo. Muuzaji aliniambia inafaa kwa kila kitu. Nilikuwa nikipiga kwenye stoo ya chini ya nyumba, mwezi wa Januari. Kile kimtungi cha gramu 12 kina kaboni dioksaidi, na nguvu yake inategemea joto. Kwenye nyuzi 20 mgandamizo ni kama bari 57, kwenye sifuri unashuka hadi 35. Tena kila ukifyatua gesi inapoa zaidi, kwa hiyo ukipiga haraka haraka unaipoza mwenyewe. Risasi zangu zikawa zinashuka, kila karatasi chini zaidi. Nikadhani ni kifundo cha mkono. Nikabadili mshiko, nikabadili kusimama, nikaanza kulenga juu kidogo ili kufidia. Miezi mitatu nilikuwa najifunza makosa, mwanangu, na ilinichukua karibu mwaka kuyafuta.

Kuna jambo jingine kuhusu bastola ile ambalo sijawahi kukwambia. Jioni moja niliitoa kwenye gari nikaipeleka ndani nikiwa nimeishika mkononi, bila mfuko, bila kisanduku. Hatua ishirini tu. Jirani mmoja aliona mtu mweusi na bastola nyeusi gizani, akapiga simu. Nililala kifudifudi kwenye theluji mikono ikiwa wazi, na wewe ulikuwa umelala chumba cha juu. Waliondoka baada ya kuiona vizuri na kuzungumza nami. Kosa lilikuwa langu, sheria ya hapa Ujerumani hairuhusu kubeba silaha hivyo. Lakini usiku ule nilielewa kwamba kitu kinachofanana na silaha ya kuua kinapokelewa kama silaha ya kuua, hasa mikononi mwa watu wenye sura yetu, na hakuna atakayesubiri nieleze kwamba ni ya upepo. Ndiyo sababu sitaki hata kidogo ununue iliyofanana na ya polisi. Bastola halisi ya kulengea shabaha ina umbo lake la ajabu ajabu, na hilo ni heri kwako.

Sasa niseme ninachokubali. Tafuta ile ya kupampu mara moja. Unafungua mkono wake wa kupampu, unaweka risasi moja, unafunga, na kule kufunga ndiko kunakokandamiza hewa. Hakuna mtungi wa kununua, hakuna springi ya kuruka, na kwa kuwa unaifunga hadi mwisho kila mara, hewa inayoingia ni ileile. Inachosha kidogo, ndiyo. Inakulazimisha kupumzika kati ya risasi na risasi, na mwanafunzi anahitaji hivyo.

Ningekununulia Weihrauch HW 40. Inatengenezwa Mellrichstadt, hapa hapa Bavaria, ni milimita 4.5, mwili wa plastiki ngumu, haifiki kilo moja, kifyatulio chake kinarekebishika, na kwenye 300 zako utabakiwa na chenji. Vilengeo vyake vina vijiti vya rangi vinavyong'aa, mimi sivipendi kwa karatasi kwa sababu jicho linafuata rangi badala ya kingo, lakini utazoea. Gamo Compact ya Wahispania imejengwa hasa kwa mita 10, ina mpini wa mbao unaokumbatia kiganja, na wenzangu kadhaa klabuni wameanza nayo wakafika mbali. Tatizo ni mkono wako. Bibi yako alijaribu kukubadilisha ulipokuwa mdogo, kila tukienda Tanga anakuhamishia kijiko mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto haulii chakula, na kwenye chakula alifaulu. Kwenye kalamu na mpira hakufaulu, na kwenye bastola usimruhusu mtu yeyote akubadilishe. Mpini uliochongwa kwa mkono wa kulia utakubana vibaya. Kwa hiyo ukimkuta mwenye Gamo, swali la kwanza ni kama mpini wa kushoto upo. HW 40 haichagui mkono.

Kabla ya hapo pima jicho. Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikutane viache kitundu kidogo, tazama saa ya ukutani kupitia kitundu hicho kwa macho yote mawili. Kisha fumba jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi saa haipotei, hilo ndilo linalotawala. Likiwa la kulia na mkono ni wa kushoto usiogope, kwa bastola inawezekana, ila niambie mapema.

Mzee aliyenifundisha atakushauri ununue iliyotumika, na hasa Feinwerkbau 65. Nisingekuzuia. Ilianza kutengenezwa mwaka 1965, ina mkono wa kukokia ubavuni, na ingawa ni ya springi, mtambo wake wote unateleza nyuma kwenye reli unapofyatuka, hivyo mkono hausikii mshtuko. Alinikopesha yake baada ya ile miezi yangu mitatu. Karatasi ya kwanza nilipiga tano, tatu zikagusana na mbili zikaenda kando, na kwa mara ya kwanza nilijua bila shaka kwamba zile mbili ni zangu. Kiwanda chake kiko Oberndorf, mji uleule wa Mauser, watengenezaji wa bunduki, jina ambalo babu zetu wa Tanga walilijua kwa bega, maana askari wa Kiafrika wa Wajerumani walibeba bunduki za Mauser kwenye vita ya Tanga ya Novemba 1914. Mara nyingi nimeifikiria safari hiyo ndefu nikiwa nimeishika ya kutoboa karatasi tu.

Lakini ya zamani usiinunue kwa picha. Sili za kuzuia hewa na springi huchoka, mpini wa kushoto ni adimu, na mtu asiyejua kuisikiliza atauziwa mgonjwa. Ukiipata huko Leipzig, subiri nije.

Kitu cha kukagua kuliko vyote ni kifyatulio. Kwenye mashindano hakiruhusiwi kuwa chepesi kuliko gramu 500, yaani uzito wa nusu kilo ya sukari ukining'inia kidoleni. Cha bastola za bei ya chini huwa kizito zaidi, na uzito peke yake si dhambi. Dhambi ni kukwaruza. Kiwe na sehemu laini ya mwanzo, kisha ukuta, kisha kiachie bila kukuambia. Kikiwa kinasogea kwa mikwaruzo, kidole kitapigana nacho na kilengeo kitahama sekunde ileile ya mwisho. Omba dukani wakuwekee risasi ujaribu mbele ya kizuizi. Bastola ya springi usiifyatue tupu, pistoni inagonga mwisho wa silinda bila hewa ya kuipokea.

Chenji usiimalize. Nunua risasi za kichwa bapa, zinakata tundu la duara safi linalosomeka, kopo moja la 500 za wastani linatosha kuanza. Usiweke gololi za chuma, zinarudi na zinatafuta macho. Nunua kisanduku cha chuma cha kupokelea risasi, miwani ya kinga, na kisanduku chenye kufuli. Risasi ni za madini ya risasi kweli, kwa hiyo nawa mikono kabla hujashika chapati.

Sheria unaijua, nakukumbusha tu kwa sababu sasa jina litakuwa lako. Pawe na herufi F ndani ya pembetano, alama ya kuwa nguvu ya risasi haizidi jouli 7.5, kipimo cha nishati. Njiani iwe tupu na ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, kutoka dukani hadi nyumbani na kutoka nyumbani hadi klabuni. Chumbani unaweza kupiga mradi risasi isiweze kutoka nje ya eneo lenu, lakini unaishi na wenzako watatu, na mlango wa chumba chako haufungi vizuri, nimeuona. Usipige hapo. Nenda klabu, zipo nyingi huko, na nyingi zitakuazima bastola kwa wiki kadhaa kabla hujatoa hata senti. Na tukienda Tanga Desemba ibaki huku, usithubutu kuitia kwenye begi.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo na kile kipimo changu cha kifyatulio na karatasi za shabaha. Kabla ya hapo nifanyie kazi moja. Weka mkono wako wa kushoto juu ya karatasi nyeupe, vidole vikiwa wazi kidogo, uchore mzunguko wake kwa penseli, kisha pima kwa rula kutoka kwenye bonde la kidole gumba hadi katikati ya nyama ya ncha ya kidole cha shahada. Nitumie picha ya karatasi pamoja na hicho kipimo kwa milimita. Nitakwenda nacho klabuni Alhamisi nikakijaribishe kwenye ile HW 40 ya vijana, nione kama kidole chako kitafika penyewe au tutahitaji kuongeza mpini.

Ni mimi babako.