Barua ya Malalamiko: Kipima pH Kibovu na Matusi ya Kaunta

Kwa Meneja,
Tawi la Luthuli Avenue,
Nairobi.

MINT: KUUZIWA KIFAA KIBOVU NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuipata dukani kwako Jumamosi iliyopita.

Masharti ya kurudisha bidhaa unayajua kuliko mimi. Yamebandikwa ukutani nyuma ya kaunta: siku 14. Mimi nilikuja siku ya 9, na risiti, na boksi, na ujumbe wa M-Pesa wa Sh6,800. Nilibeba pia chupa ndogo ya kombucha niwaonyeshe kosa kwa macho. Kijana wenu akaifungua, akainusa, akapaza sauti: “Kujeni muone, Mama Pima ametuletea busaa tumpimie!” Foleni nzima ikacheka.

Meneja, hakuna mtu Nairobi asiyejua Mama Pima ni nani: ni mama muuza pombe ya kienyeji kama hiyo busaa. Kombucha ni chai na sukari iliyochachushwa. Naitengeneza jikoni kwangu Umoja, tunakunywa nyumbani na akina mama wa chama chetu. Nilinunua kipima pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), kwa sababu ulimi haupimi usalama. Kinywaji kikishaiva kinatakiwa kiwe chini ya pH 4.2, na kikipita 4.6 bakteria wa sumu ya botulini wanaweza kupata nafasi ya kuota. Karatasi za kubadilika rangi nilishazijaribu, lakini rangi ya chai inazifunika.

Kwa hiyo jioni ile niliyokinunua nilipima mtungi wa siku ya 12. Kikasema 5.6. Nikarudia mara tatu, nikikoroga na kusubiri namba itulie. 5.6. Nikamwaga lita 20, na ule utando wa mama, unaochachusha chai, niliokuwa nao miaka 3. Niliumwaga kwa mikono yangu kwenye sinki, mwanangu akiniuliza kwa nini.

Ilibaki chupa moja ya mtungi uleule, niliyoiweka kwenye friji siku iliyotangulia. Jirani yangu anayefanya kazi maabara akaipima kwa kifaa chao: 3.1. Kilikuwa kinywaji kizuri kabisa! Kutoka 3.1 hadi 5.6 si tofauti ndogo, maana kila hatua moja ya pH ni mara 10; hapo mmekosea zaidi ya mara 300. Akakijaribu kifaa chenu kwa bafa, yaani maji maalumu ambayo pH yake inajulikana, ya 4.01, kikasoma 5.9. Akanionyesha kifuniko: kikavu, hakina hata tone la maji ya kuhifadhia, na kile kioo cha mviringo cha kwenye ncha kimekauka hadi kimeshika utando mweupe. Bafa zangu mwenyewe sikuwa nazo kwa sababu boksi limeandikwa pakiti mbili na ndani hamkuwa na hata moja.

Hayo ndiyo niliyokuja kueleza. Sikupewa nafasi. Nakurudia ilivyokuwa, maana sidhani umeambiwa yote. Kabla hata ya kuinusa ile chupa, alichukua kitambaa kilekile alichokuwa anapangusia kaunta, akasugua nacho kioo cha kipimo. Kioo hicho hakisuguliwi, Meneja. Husuuzwa kwa maji safi na kukaushwa kwa kugusishwa tishu. Akakitumbukiza kwenye glasi ya maji yake ya kunywa, kikaandika 6.9. “Si hiyo namba inaonekana? Kinafanya kazi.” Lakini kipimo kilichokufa hukaa karibu na 7, na maji ya kunywa yako hapohapo karibu na 7, kwa hiyo lazima kionekane kizima. Nilipotaka kumweleza hivyo ndipo alipoifungua chupa na kuwaita wenzake. Mama Pima. Busaa. Mzee mmoja kwenye foleni akatikisa kichwa akinitazama mimi, si yeye. Mtu akanipiga picha. Nikamwambia mimi ni Mama Baraka, nataka kubadilishiwa kifaa tu. Akanijibu: “Kaonje na ulimi kama wenzako.”

Jumamosi nilitaka kubadilishiwa. Leo sitaki kifaa chenu kingine. Nataka Sh6,800 zangu, gharama ya zile lita 20, na nauli ya safari mbili. Nataka pia kuombwa radhi, si kwa simu. Ni palepale kaunta, kijana huyo akiwepo, saa za watu wengi kama alivyonifanyia. Na vipimo vingine vya aina hiyo viondolewe kwenye rafu mpaka vikaguliwe kwa bafa mbili. Mimi kilinimwagisha kinywaji salama. Kingine kitampa mtu namba ndogo ya uongo, naye atawanywesha watoto.

Nakupa siku 7 tangu upokee barua hii. Zikipita, haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa iko kwenye Kifungu cha 46 cha Katiba, na Mahakama ya Madai Madogo iko Milimani. Jirani yangu yuko tayari kutoa ushahidi, na chama chetu chote kitakuja kusikiliza.

Kifaa nimekifunga ndani ya boksi lake. Sijakiosha, uchafu wa kitambaa chenu bado uko kwenye kioo.

Mama Baraka,
Umoja, Nairobi.