Barua ya wazi kwa binamu yangu anayetaka niuze kamera

Binamu,

Shikamoo sikupi, umri wetu ni mmoja na utani wetu ukoo mzima unaujua. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu na wewe ulinisema hadharani, kwenye grupu la familia, mbele ya shangazi na mama wadogo wote, eti nauza sura na kamera ya babu wakati hela yake ingenunua mirales, zile kamera za kisasa za dijitali, ya maana na chenji ikabaki. Shangazi akaweka vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Sawa. Nikujibu basi kwa kirefu, maana haya yote ningeyaandika kule kwenye grupu wangenitoa.

Kwanza ujue unachokisema. Hiyo unayoiita kamera ya babu ni Leica CL, ilianza kuuzwa 1973. Nje imeandikwa Leica ila imeundwa Japani, kwenye kiwanda cha Minolta. Kisa chake ni kwamba Leitz, wale Wajerumani wa Wetzlar wenye jina la Leica, mwaka 1971 walitoa kamera inaitwa M5, kubwa, nzito, bei juu, na wateja wao wengi wakaikunjia uso. Wakaingia makubaliano na Minolta wapate mashine ndogo ya bei nafuu inayopokea lenzi zilezile za kamera zao kubwa, zile za ukoo wa M. Ikatoka hii, kule Japani wakaiuza kwa jina la Leitz Minolta CL, na ikatembea sokoni kuliko M5 yenyewe, CL zilitengenezwa kama 65,000 wakati M5 ziliishia elfu 33 na ushei. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba ndo maana ilisimamishwa mapema, mdogo alikuwa anamla kaka yake. Mi naona huo ni umbea wa wapenda kamera, lakini umbea mtamu.

Mwili wake una gramu 365 hivi. Inaingia kwenye mfuko wa koti, na kwenye lile begi langu la kazini inakaa pembeni ya chaja na chupa ya maji wala sijui kama ipo. Hapo ndo pointi yangu ya kwanza na usiiruke: ile kamera kubwa niliyokuwa nayo zamani, unaikumbuka, yenye begi lake na lenzi ya zumu, ilikuwa inatoka kabatini kwenye harusi na kipaimara basi. Hii natoka nayo nikienda kununua vocha.

Halafu lenzi. Ilitoka na mbili zake maalum, Summicron-C ya milimita 40 yenye f/2 (hiyo f ni tundu la kupitisha mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na Elmar-C ya milimita 90 yenye f/4. Minolta nao wakawa na za kwao za vipimo hivyohivyo, wakaziita M-Rokkor. Mimi nina zile mbili za Leitz na sitafuti ya tatu, hata uniletee bure. Ile 40 watu wanaidharau kwa sababu haijulikani ni ya upande gani, wengi wamezoea 35 au 50, lakini ukipima mshazari wa picha ya mkanda wa milimita 35 unapata milimita 43, kwa hiyo 40 iko palepale, haivuti vitu wala haivisukumi mbali. Ukisimama mlangoni unapiga sebule na watu wake, ukisogea mita moja mbele unapata sura ya mtu na bega lake. Mwisho wake wa kusogea ni sentimita 80, ukisogea karibu zaidi ya hapo haishiki fokasi, picha haitoki kali, kwa hiyo picha za pete kwenye kidole na maua ya keki usiniombe. Ile 90 ni nyembamba, ndefu kidogo, nyepesi, na ndo ninayoitumia kwa wazee, maana mzee ukimsogelea sana na kamera anakaza uso kama yuko studio anasubiri paspoti. Ukiwa mita mbili tatu anaendelea na stori zake.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho wewe ukishika simu au mirales hukipati, na ndo kinachonifanya nisiiuze. Kwenye rangefinda, ndo aina ya kamera hii yangu, huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha cha kioo kilicho pembeni, na humo ndani kuna fremu za mwanga zinazokuonesha picha itaishia wapi, za 40, 50 na 90, ukifunga lenzi ya 90 fremu yake inajitokeza yenyewe. Katikati kuna kiraka kidogo cha mstatili ambamo unaona vitu viwiliviwili. Kwa kazi hiyo mbele ya kamera kuna madirisha mawili, moja ndo lile unalochungulia, na jingine lina kioo cha ndani kinachosogea kadiri unavyozungusha lenzi, kwa hiyo ukizungusha zile picha mbili zinasogeleana mpaka zinalaliana. Zikilaliana, fokasi imeshika. Hakuna mlio, hakuna kiboksi cha kijani, ni jicho lako na kidole chako. Mtu akiwa na shati la mistari ni sekunde tu, mtu akiwa na kanzu nyeupe tupu unahangaika mpaka upate ukingo wa mkono au ndevu.

Lakini utamu wenyewe uko nje ya fremu. Ukiwa na lenzi ya 40 unaona bado nafasi inabaki pembeni, unaona nani anakuja kabla hajaingia. Juzi nilikuwa pale Feri asubuhi, kwenye mnada wa samaki, dalali kasimama kashika changu wawili mkononi anapiga bei, wanunuzi wamemzunguka, picha ipo ila upande wa kulia patupu. Kwa pembeni ya kidirisha nikamwona jamaa anakuja na ndoo kichwani, maji yanachuruzika mpaka shingoni, anawasukuma watu na kiwiko. Nikasubiri. Alivyoukata tu ule mstari mweupe wa fremu nikabonyeza. Na nilivyobonyeza niliona, hapo ndo nataka unielewe, kwa sababu kamera za kioo kile cha kuruka zinakuziba macho sekunde ileile picha inapopigwa, hii haina kioo cha kuruka, dirisha linabaki wazi, nilimwona yule jamaa uso wake ukiwa umegeuka kidogo kwa dalali na nikajua ninayo.

Afu pale Feri unajua watu walivyo wakali na kamera, na wana haki, wamechoka kupigwapigwa na watalii. Mimi naomba kwanza. Ila nikitoa hii wanacheka, mmoja aliniuliza kama ni toi ya mtoto, mwingine akasema babu yake alikuwa nayo, akaniomba aichungulie, nikampa, akaanza kuzungusha lenzi akimwelekezea mwenzake anapiga kelele "oya zinaungana!" Baada ya hapo nilikuwa mwenyeji. Na kuna muda hata fokasi sishiki, naweka f/8, lenzi naiacha kwenye mita 3, hapo kila kilicho kati ya mita 2 na mita 5 kinatoka safi, nabaki na kazi ya kutembea na kubonyeza tu.

Ukasema kamera ya miaka hamsini ikiharibika nani atatengeneza. Swali zuri, nakupa haki yako. Shata yake, ule mlango unaoachia mwanga uguse mkanda, ni pazia la kitambaa linalopita wima, kuanzia nusu sekunde hadi 1/1000, na ni chuma na springi tupu, haihitaji betri. Betri ni ya mita ya mwanga peke yake. Mita yenyewe ndo udhaifu wake mkubwa, kuna kijicho kiko juu ya kimkono ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kinapima mwanga halafu ukibonyeza kinajiondoa njiani, na kwa CL nyingi kijicho hicho kimeshachoka au kimekufa. Kwa sababu ya huo mkono kuna lenzi pana za zamani zenye matako marefu huruhusiwi kuzifunga, zitakigonga. Changu kinafanya kazi, unavuta wenzo wa kusogeza mkanda kidogo mita inawaka, unaona sindano upande wa kulia unaipeleka katikati, basi. Betri iliyopangwa zamani ilikuwa ya zebaki ya volti 1.35, hizo zimepigwa marufuku, mi natumia zile ndogo za vifaa vya kusikilizia za volti 1.4 na pete ya kuikalisha isicheze. Kinachokera ni kwamba betri inakaa ndani huko unakopakia mkanda, kwa hiyo ikifa uko picha ya kumi na mbili unavumilia mpaka mkanda uishe.

Na kuvumilia kwenyewe wala si shida kwa jua letu hili. Mkanda wa kasi ya 400, jua la saa tano la Dar, f/16 na 1/500, twende. Kivulini chini ya mwembe unafungua stopu tatu hivi, yaani hatua tatu za mwanga. Ukizoea unaanza kusoma mwanga ukutani kabla hujatoa kamera begini, na hilo hakuna mirales itakayokufundisha maana yenyewe inajifanyia.

Sasa wewe ulilosema kwa dharau zaidi ni la kusubiri, eti picha ya Pasaka naiona Idi. Binamu, picha nasafisha mwenyewe nyumbani, jioni moja. Mkanda wangu ni Ilford HP5, dawa D-76, karatasi ya Ilford inataka dakika 7 na nusu kwenye nyuzi 20, na maji ya bomba letu hayajawahi kuona nyuzi 20 tangu yatoke Ruvu, yanatoka ya kunawia mtoto. Kwa hiyo ni mimi, beseni, chupa za maji zilizoganda kwenye friza na kipimajoto, nazichovya chupa nazitoa nazichovya nazitoa mpaka ishuke, na dawa zote ziwe joto moja, dawa, maji, fiksa, zisipishane sana. Shemeji yako anagonga mlango wa bafu anataka kuoga mi nahesabu dakika. Mkanda ukitoka kwenye tanki umelowa, ukiunyanyua kwenye taa ukaona vile visanduku vidogo, nyeusi na nyeupe zimepinduana, watu weusi wana meno meusi na kanzu nyeusi na mashavu meupe, ukatafuta yule jamaa wa ndoo ukamkuta yupo, aisee niache tu. Hapo ndo huwa nampisha shemeji yako.

Ubaya wake nausema pia usije ukaniambia nakuficha. Umbali kati ya yale madirisha mawili ni mfupi, milimita 31.5, kwenye M za kawaida ni zaidi ya mara mbili ya hapo, ndo maana ukifunga lenzi ya f/1.4 ukaifungua yote ukamsogelea mtu utapata pua badala ya jicho. Kwa zile mbili nilizonazo haina shida, walizipangia hivyo. Vishikizo vya mkanda wa shingoni vyote viwili viko upande mmoja kwa hiyo inaning'inia imesimama wima, wengine wanachukia, mi napenda. Kubadilisha mkanda, nyuma yote inatoka pamoja na kitako unabaki nayo mkononi, ukiwa umesimama kwenye daladala utaibana kwapani. Minolta wenyewe baadaye, mwanzoni mwa miaka ya themanini, walitoa CLE, inajipimia mwanga yenyewe na wakaongeza lenzi ya 28, nzuri mno, lakini ile ni umeme, saketi ikifa una kipande cha chuma kizuri.

Na adui mkubwa kwetu huku pwani wala siyo mwizi, ni ukungu. Lenzi ikikaa kabatini kwenye kile kibegi chake cha ngozi, miezi ya masika ngozi inanyonya unyevu na ule utando wa ukungu unaanza kutambaa ndani ya kioo, ukiacha unakula mpaka ile rangi ya kioo. Zangu nazifungia kwenye kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, na vile vipakiti vya chembechembe tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Nyie wote ukoo mzima mnavitupa. Niwekeeni.

Kuhusu bei uliyonitajia kwamba kuna mtu wako anaitaka, mwambie asante, atafute yake, zipo za mtumba Japani na Ujerumani, aulize kwanza kama mita inafanya kazi na amulike lenzi na tochi kabla hajatoa hela.

Na kwa vile dada anakuja likizo mwezi ujao kutoka Hamburg, mfikishie ujumbe maana mi simu yangu hapokei: aniletee HP5 za picha 36, tano zinatosha, asiweke kwenye sanduku kubwa, abebe mkononi, na uwanjani aombe wazikague kwa mkono kwa sababu zile mashine mpya za CT za kukagulia mizigo zinachoma mkanda. Wakimkatalia asigombane nao, avuke hivyohivyo aniambie, nitazitumia kupiga nyie mnavyokula pilau.