Barua kuhusu kitenzi "apiñarse"

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelifurahia sana: neno la Kihispania "apiñarse" utaliandikaje kwa Kiingereza? Kamusi inakupa "crowd together", kisha inakuacha hapo. Si kosa, ila ukilitumia kila mahali tafsiri inapwaya. Kihispania hapa kinatazama umbo la kundi, ilhali Kiingereza kinataka kujua kwanza ni nini kilicholibana.

Umbo lenyewe limo ndani ya neno. "Piña" kwa asili ni koni ya msonobari, ile yenye magamba magumu yaliyolaliana bila kuacha upenyo. Nanasi lilipewa jina hilo baadaye kwa kufanana nayo. Anayesema "se apiñan" anaona vitu vimeshikana kama magamba hayo, viwe watu, kondoo au nyumba. Kama wana baridi, wana hofu au chumba ni kidogo, kitenzi hakisemi. Hilo utalitafuta kwenye sentensi za jirani.

Tuanze na sentensi yako ya kondoo: "Las ovejas se apiñaban contra la tapia." Hakuna aliyewasukuma, wamesogeleana wenyewe wakiegemea ukuta. Neno ni "huddle", kwa kuwa limebeba baridi, woga au siri: "The sheep huddled against the wall." Sasa hii: "Veinte personas se apiñaban en el cuarto." Ukiweka "huddled", msomaji atadhani wanatetemeka au wanajificha. Kama kilichowabana ni udogo wa chumba, andika "Twenty people were crammed into the room." Nyumba nazo, "Las casas se apiñan en la ladera", hazina hofu wala hazikushindiliwa, kwa hiyo "cluster" inatosha: "The houses cluster on the hillside." Kitenzi kimoja, majibu matatu, na yote ni sahihi.

Wengi huponzwa na wakati wa kitenzi. "Se apiñaban" mara nyingi ni hali: tayari wamebanana, nasi tunawakuta hivyo. Hapo Kiingereza hupenda "were huddled", "were packed", "stood crammed". "Se apiñaron" ni tendo: walikuwa wametawanyika, wakasogeleana. Hapo ndipo "crowded together" inapokaa vizuri, au "bunched up" kama ni msafara uliokuwa umenyooka. Ukivichanganya, kondoo waliokuwa wametulia ukutani wataanza kuukimbilia ukuta huo mbele ya macho ya msomaji.

Kijineno "se" usikiandikie neno lake. Sisi tuna "-ana", tukasema banana, songamana, rundikana. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiungo kama hicho, na mzigo huo hubebwa na "together" au na kihusishi. "They crowded themselves" si Kiingereza cha mtu yeyote. Vihusishi pia vichunge: "en la puerta" kwa kawaida ni "at the door" au "around the door", na "en el cuarto" huwa "into the room" baada ya "crowd" au "cram". "Throng" yenyewe haihitaji kihusishi, "they thronged the square", lakini inadai umati. Watu watatu hawatoshi.

Usiliache neno hili lichanganyikane na ndugu zake. "Agolparse" limetoka kwenye "golpe", pigo, nalo lina ghafla ndani yake: watu wanafika kwa mkupuo, au "se le agolparon los recuerdos", ambayo kwa Kiingereza ni "memories came flooding back". "Hacinarse" limetokana na "hacina", rundo la miganda ya nafaka, na lina harufu ya dhiki. "Hacinamiento" ya magereza na makazi ni "overcrowding". "Arremolinarse" ni kuzungukazunguka kama maji ya kizingia, hivyo "mill around" au "swirl". "Aglomerarse" usiligeuze kuwa "agglomerate", kwani Waingereza hulitumia neno hilo zaidi kwa chembechembe zinazogandamana kuliko kwa watu.

Na "hacer piña" ni mtego. Hapo hakuna anayebanwa: ni watu kushikamana wakati wa shida, "stick together" au "close ranks".

Ile sentensi yako ya abiria, "Los pasajeros se apiñaron en la puerta", sijaigusa kwa makusudi. Nitumie sentensi mbili zinazoitangulia. Kama mlango umefunguka na kila mtu anataka kushuka, tutaandika "crowded around the door". Kama wamekwama pale kwa kukosa pa kusimama ndani, itakuwa "jammed into the doorway".

Nasubiri barua yako.

Rafiki yako